Sensa ya Injini Imekufa: Usafishe Iliyopo, Ununue Mtumba, Mpya ya Kampuni Nyingine au ya Asili?

Fundi amechomeka kwenye gari mashine ya kusomea hitilafu, msimbo wa kosa umeonekana, na jibu limekuwa fupi: sensa imekufa, tafuta nyingine. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu katika maduka ya Gerezani kule Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka mjini Kampala, sensa moja inaweza kuwa na bei tatu zilizoachana sana, na kila muuzaji ana maneno ya kuitetea ya kwake. Zaidi ya hapo, hakosekani fundi atakayesema kwamba hakuna haja ya kununua chochote, kwani iliyopo ikisafishwa itarudi kazini.

Ulinganisho huu unazipitisha njia hizo nne, yaani kusafisha iliyopo, mtumba, mpya ya kampuni nyingine na mpya ya asili (kama ile iliyotoka na gari kiwandani), katika vigezo vilevile. Mfano utakaorejewa ni Toyota yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo katika Probox, Raum na baadhi ya IST, lakini hoja zenyewe zinahusu magari mengi ya petroli yanayopimwa kwa soketi ya OBD-II, ile ya kuchomekea mashine, yenye pini 16 chini ya usukani. Msimamo wa mwandishi ni kwamba swali la kwanza si la bei. Ni kuuliza sensa yenyewe ni ya aina gani na huwa inakufa kwa namna gani, maana njia iliyo ya busara kwa sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa injini, inaweza kuwa ya hasara tupu kwa sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni ndani ya moshi.

Kabla ya kulinganisha: je, sensa ndiyo mbovu?

Msimbo hautaji kifaa kibovu. Unataja saketi au kipimo ambacho kompyuta ya gari haikuridhika nacho. P0135, kwa mfano, unasema kwamba saketi ya hita (kipasha moto) ya sensa ya oksijeni ya mbele ina hitilafu. Hitilafu hiyo inaweza kuwa ndani ya sensa, lakini pia inaweza kuwa fyuzi iliyoungua, waya uliotafunwa na panya au soketi iliyoingia maji baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha. Hita ya sensa ya kawaida ya Toyota yenye nyaya nne huwa na ukinzani wa takriban omu 11 hadi 16 ikiwa imepoa, kwa hiyo mita ya bei ndogo inatosha kuamua kama kosa ni la sensa au ni la njia inayoifikia.

Msimbo unaopoteza fedha nyingi kuliko yote huenda ni P0171, unaosema kwamba hewa imezidi mafuta katika mchanganyiko. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta taarifa hiyo, basi inang'olewa na kutupwa, na baada ya siku chache taa ya injini inawaka tena. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sababu mara nyingi huwa ni mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), sensa hiyo yenyewe kuchafuka, au pampu ya mafuta kuchoka. Kuna jaribio rahisi kwa gari lenye sensa ya kawaida ya oksijeni mbele: injini ikiwa ya moto, volti zake huonekana kwenye mashine zikipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Zikiwa zimeganda chini, fundi hupulizia dawa kidogo ya kusafishia kabureta kwenye njia ya kuingiza hewa, akiwa mbali na ekzosi ya moto. Volti zikiruka juu papo hapo, sensa ni hai na ilikuwa ikisema kweli. Jaribio hili halifai kwa sensa pana ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo huonekana kama ile ya kawaida lakini hufanya kazi kwa namna tofauti.

Sensa ya joto la maji inapimwa kwa urahisi zaidi. Ukichomoa soketi yake, mashine inapaswa kuonyesha takriban nyuzi 40 chini ya sifuri; ukiziunganisha nyaya mbili za soketi hiyo kwa kipande cha waya, inapaswa kuonyesha joto kali sana, juu ya nyuzi 120. Majibu yote mawili yakija hivyo, nyaya na kompyuta ni nzima na ubaya umebaki kwenye sensa. Fundi asiyekubali kufanya hata jaribio moja la namna hii kabla ya kumtuma mteja dukani anabahatisha, na bahati hiyo inalipiwa na mteja.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni gharama kamili, yaani bei ya kifaa pamoja na ufundi, ukiwemo ufundi wa mara ya pili kama kifaa kitakataa. Cha pili ni muda ambao kifaa kinatarajiwa kudumu. Cha tatu ni ulinganifu wake na gari, kuanzia namba, soketi na urefu wa waya hadi aina ya ishara kinayotoa. Cha nne ni uhakika: je, kinaweza kupimwa kabla ya kulipa, na muuzaji atakipokea kikirudi?

Vigezo hivi havina uzito sawa kwa kila sensa. Sensa ya oksijeni huchakaa kwa kutumika, kwa sababu kauri yake inakaa ndani ya moshi wa moto muda wote. Ile yenye hita hukadiriwa kudumu takriban kilomita 100,000 hadi 160,000 katika injini yenye afya. Sensa ya hewa huchafuka kabla ya kufa. Sensa ya kranki ya sumaku ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye sumaku, haina sehemu inayosagika, na huharibiwa zaidi na joto, mtikisiko na maji. Sensa ya joto la maji ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda, basi.

Njia ya kwanza: kusafisha na kurekebisha iliyopo

Gharama. Ni ndogo kuliko njia nyingine zote, kwani kinachonunuliwa ni kopo la dawa na muda wa fundi.

Kudumu. Kwa sensa ya hewa, matokeo yanaweza kudumu muda mrefu ikiwa chujio la hewa ni zima na halijapakwa mafuta. Uzi mwembamba ulio ndani yake hupashwa moto na kupozwa na hewa inayopita, na vumbi likiganda juu yake, kipimo hupungua na injini hunyimwa mafuta. Itumike dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa ya hewa, si petroli wala dawa ya kabureta, na uzi usiguswe kwa kitambaa wala brashi. Kisha sensa iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Injini ya lita 1.5 ikinguruma bila kukanyagwa mafuta huonyesha kwenye mashine takriban gramu 2 za hewa kwa sekunde, na namba iliyo mbali sana na hiyo baada ya kusafisha ni dalili kwamba usafi haukutosha.

Kwa sensa ya kranki, kufuta unga wa chuma ulionaswa na sumaku kwenye ncha yake na kukaza pini za soketi hutatua kesi chache, lakini kesi hizo zipo. Kwa sensa ya oksijeni, hapana. Wapo wanaoichoma kwa moto wa gesi au kuilaza ndani ya petroli usiku kucha. Masizi yanaweza kutoka, lakini kauri iliyotiwa sumu hairudi. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikiziua sensa hizi haraka, iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na sumu zilizobaki ni oili inayoungua ndani ya injini, maji ya rejeta yanayovujia kwenye silinda, na gundi ya silikoni isiyo ya aina salama kwa sensa, ambayo fundi aliipaka kwenye kava. Hakuna moto wa jiko unaoondoa vitu hivyo.

Ulinganifu. Hauna shaka, kwa kuwa kifaa ni kilekile kilichokuja na gari.

Uhakika. Hakuna dhamana ya mtu yeyote, lakini vilevile hakuna kilichopotea, na matokeo yanaonekana siku hiyohiyo.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye misimbo ya sensa ya hewa, hasa P0101, na kila ambaye kosa lake limegundulika kuwa ni la waya au soketi. Kwake yeye kununua sensa yoyote, hata ya asili, ni kutibu jino lisilouma.

Njia ya pili: mtumba

Gharama. Kwa kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya kifaa kipya cha asili. Sensa hizi hutoka kwenye magari yaliyovunjwa Japani, nyingine zikipitia Sharjah na Dubai, na nyingi hufika zikiwa bado zimefungwa kwenye injini au nusu gari.

Kudumu. Hapa ndipo aina ya sensa inapoamua kila kitu. Sensa ya mtumba ya kranki au ya joto la maji inaweza kufanya kazi miaka mingi, kwa kuwa kilomita ilizotembea haziilazimishi kuchakaa. Sensa ya mtumba ya oksijeni, kinyume chake, imekwisha kula sehemu ya maisha yake ambayo hakuna anayeijua, na mnunuzi anaweza kuwa analipia robo iliyobaki, tena mwishoni mwa robo hiyo ndipo mwitikio wake unapokuwa wa polepole na gari linapokula mafuta bila taa kuwaka. Sensa ya kugundua mlio wa kugonga, iliyofungwa kwenye bloku, ina hatari yake ya pekee: ndani yake mna fuwele inayoweza kupasuka ikiangushwa, na vifaa vya mtumba huangushwa sana.

Ulinganifu. Huu ndio uzuri mkubwa wa mtumba. Soketi, urefu wa waya na ishara ni vile vilivyotoka kiwandani, mradi namba ziwe sawa. Namba za Toyota zinasaidia: sensa za oksijeni za kawaida huanza na 89465, sensa pana za uwiano wa hewa na mafuta huanza na 89467, za joto la maji huanza na 89422, za hewa huanza na 22204, na nyingi za kranki na kemshafti huanza na 90919. Anayeletewa 89467 badala ya 89465 aikatae hata kama soketi inaingia.

Uhakika. Maduka mengi hayarudishi kifaa cha umeme kikishafungwa, kwa hiyo upimaji ufanyike mezani. Sensa ya joto la maji iliyo nzima husoma takriban kilo-omu 2 hadi 3 katika nyuzi 20, na namba hushuka ikishikwa kiganjani. Ikitumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 80 hufika takriban omu 300. Sensa ya kranki ya nyaya mbili inapaswa kuonyesha ukinzani wa koili, ambao hulinganishwa na ule wa sensa ya gari lingine la injini hiyohiyo. Isiyoonyesha chochote imekatika ndani. Sensa ya oksijeni ndiyo isiyokubali kupimwa vizuri mezani, kwa maana mita itasema hita ni nzima lakini haitasema lolote kuhusu kauri, ambayo huanza kazi ikishafika joto la takriban nyuzi 300.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye mita na subira anayetafuta sensa ya kranki, kemshafti, joto la maji au, kwa uangalifu, ya hewa. Inamfaa pia mwenye gari ambalo kifaa chake kipya hakipatikani tena kwa urahisi.

Njia ya tatu: mpya ya kampuni nyingine

Kundi hili lina watu wawili wasiofanana kabisa ambao wauzaji hupenda kuwaita kwa jina moja. Yapo makampuni yanayojulikana, kama Bosch, Hella na NTK, ambayo baadhi yake huviuzia viwanda vya magari vyenyewe. Halafu ipo sanduku nyeupe isiyo na jina, au yenye jina lililokopwa.

Gharama. Bei ya kundi la kwanza huwa kati ya mtumba na asili, na wakati mwingine huikaribia asili. Bei ya kundi la pili inaweza kuwa chini hata ya mtumba, na bei ya chini kiasi hicho kwenye sanduku lenye jina kubwa inapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi kuliko kumfurahisha.

Kudumu. Zilizo za majina halisi hudumu kama za asili au karibu nazo. Zisizo na jina ni bahati nasibu. Tatizo lake kubwa si kufa mapema, bali ni kutoa kipimo kilichopinda kidogo ambacho kompyuta inakikubali, na mwenye gari anabaki kulalamikia pampu ya mafuta na plagi.

Ulinganifu. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya gari fulani, zenye soketi tayari, na zipo za oksijeni za kufaa magari mengi ambazo nyaya zake hukatwa na kuunganishwa na soketi ya zamani. Hizi za pili zinahitaji fundi anayejua rangi: katika Denso nyaya mbili nyeusi ni za hita, ya bluu ni ya ishara na nyeupe ni ya ardhi, wakati katika Bosch nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni ya ishara na ya kijivu ni ya ardhi. Mtu akifuata rangi bila kujua kampuni atapeleka umeme wa hita kwenye waya wa ishara. Aidha, sensa nyingi za oksijeni huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake, kwa hiyo maungio yabanwe kwa viungo vya chuma na yasichomewe risasi.

Uhakika. Muuzaji wa jina halisi mara nyingi hutoa udhamini wa muda fulani. Uandikwe kwenye risiti, la sivyo haupo. Namba iliyochongwa kwenye mwili wa sensa ilinganishwe na ya sandukuni, na uchapaji uliofifia au herufi zilizokosewa zitoshe kuahirisha biashara.

Inamfaa nani. Inamfaa anayehitaji sensa mpya ya oksijeni lakini bei ya asili imemzidi, na mwenye gari la Ulaya ambalo lilitoka kiwandani na sensa ya Bosch, kwani kwake yeye sanduku la Bosch ndilo asili yenyewe bila nembo ya gari.

Njia ya nne: mpya ya asili

Gharama. Ni ya juu kuliko zote, ila kuna mlango wa pembeni ambao wengi hawaupiti. Sensa nyingi za Toyota hutengenezwa na Denso, kampuni iliyotengana na Toyota mwaka 1949, na sensa hiyohiyo ikiwa ndani ya sanduku la Denso mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko ndani ya sanduku la Toyota.

Kudumu. Ndiyo yenye matarajio marefu zaidi, kwa sharti kwamba injini haili oili. Injini inayotoa moshi wa bluu itaiua sensa ya asili kama inavyoziua nyingine, na kwa mwenye injini ya namna hiyo tofauti ya bei haina cha kuilipia.

Ulinganifu. Ni kamili, ikiwa imeagizwa kwa namba ya chasisi. Magari yaliyotumika Japani yana namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, kama NCP, wala si ile ya tarakimu na herufi 17. Duka linalotafuta kwa jina la gari na mwaka peke yake linaweza kuleta kifaa cha soko lingine.

Uhakika. Udhamini upo na kifaa kikikataa hurudishwa, ingawa huenda ukasubiri siku kadhaa kikiagizwa. Usalama huo hauzuii kosa la kupima: sensa ya asili iliyofungwa kwa sababu ya P0171 wa mpira uliopasuka itafanya kazi vizuri kabisa na taa itaendelea kuwaka.

Inamfaa nani. Inamfaa anayetarajia kukaa na gari miaka mingi, na yule ambaye kuifikia sensa ni kazi kubwa kiasi kwamba kulipa ufundi mara mbili kungekula tofauti yote ya bei.

Wakati wa kufunga

Njia yoyote utakayochagua, sensa ya oksijeni ing'olewe ekzosi ikiwa na uvuguvugu, baada ya dawa ya kulegeza kutu kukaa kwenye nyuzi, na kwa spana ya milimita 22 au soketi iliyopasuliwa upande ili waya upite. Katika magari ya Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako chumvi hula chuma, haraka hapa huishia kwenye nyuzi za ekzosi kung'oka pamoja na sensa. Mafuta ya kuzuia kuganda yapakwe kwenye nyuzi tu na yasifike kwenye ncha. Sensa nyingi mpya huja zimeshapakwa. Ikishakazwa, kwa Toyota kwa nguvu ya takriban Nm 44, misimbo ifutwe, gari liendeshwe mjini na barabara ndefu, kisha lipimwe tena. Kufuta misimbo na kumkabidhi mteja gari papo hapo hakuthibitishi kitu, kwani kompyuta huhitaji mizunguko ya safari ili ijikague upya.

Kulingana na hali yako

Ikiwa gari ni la biashara na linazimika ghafla kwa msimbo wa P0335, nunua sensa ya kranki mpya ya asili au ya jina linaloaminika, kwa sababu hii ni sensa ambayo ikikata gari halisogei. Mtumba uliopimwa ukanunuliwa na kuwekwa ndani ya gari kama akiba ni wazo zuri kwa anayeendesha usiku kati ya Dodoma na Dar es Salaam.

Ikiwa tatizo ni sensa ya oksijeni ya mbele na injini haili oili, chaguo ni kati ya asili na mpya ya kampuni inayojulikana, kwa kadiri ya mfuko. Ikiwa injini inakula oili, itengenezwe kwanza. Ukiwa huna uwezo huo kwa sasa, mpya ya bei ya kati inatosha, ukijua kwamba utaibadilisha tena.

Ikiwa ni sensa ya joto la maji, mtumba uliopimwa kwa maji ya moto na mpya ya jina halisi vyote vinafaa, na tofauti ya bei huwa ndogo kiasi kwamba umbali wa duka unaweza kuamua. Ikiwa ni sensa ya hewa, safisha kwanza. Ikikataa, tafuta mtumba wenye namba ileile kabla ya kufikiria sanduku lisilo na jina.

Ikiwa msimbo ni P0420 peke yake, unaohusu masega ya ekzosi (kifaa kinachosafisha moshi), usinunue sensa yoyote bado. Sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, ndiyo iliyoripoti, lakini yanayolalamikiwa mara nyingi ni masega yenyewe yaliyochoka, na fundi apime kwanza kama volti za sensa ya nyuma zimetulia au zinacheza kama za mbele. Zikicheza sawasawa, sensa ni nzima na bei unayopaswa kuulizia ni ya masega.